Uwanja wa Nyuma ya Ghala

(Maneno yaliyosomwa na wazee wa kamati ya michezo mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu cha Ushirika)



Twashukuru kwa heshima mliyotupa ya kusimama mbele ya mkutano huu. Waliotutangulia wamesema juu ya mizani, mbegu, dawa za wadudu, mikopo na bei ya pamba, nao wamesema vema kuliko tuwezavyo sisi. Sisi tumeagizwa kusema juu ya mpira. Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza: katika siku ya kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, mpira una kazi gani? Swali hilo ni la haki, nasi tutajitahidi kulijibu kabla hatujakaa. Kwa sasa twaomba subira yenu tu, maana neno letu si la mchezo mtupu. Ni neno la ardhi ya vyama vyetu na la vijana wetu, na mwisho wake ni neno la kura ambayo baadhi yenu mtaipiga kabla ya msimu ujao wa kupanda.

Sisi tulio mbele yenu ni wazee wa mpira wa mchangani. Tulicheza katika vijiji vya upande huu wa Bulyanhulu, baina ya Kahama na Geita, tangu miaka ya 1970 hadi miaka ya 1990. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata kulipwa senti kwa kucheza, wala hakuna ambaye jina lake lilipata kutangazwa redioni. Mmoja wetu alikuwa mlinda mlango, na hata leo vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki. Wawili walikuwa mafulbeki. Waliobaki walikimbia mbele na kukosa mabao, kama wenzao wasivyochoka kuwakumbusha.

Mpira ulipofika katika nchi hii ulikuta nyumba imekwisha kujengwa. Kila mtu mzima hapa ajua habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa na mafundi wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, pande mbili zilisimama kucheza siku moja, mahali pamoja, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Kadhalika vijana walikuwa na umoja wao wa kulima na kupura nafaka, chini ya kiongozi waliyemchagua wenyewe, ambaye tulimwita nsumba ntale. Basi kushindana bila kuuana, kumtii kiongozi uliyemchagua mwenyewe, na kungoja kiangazi ili kucheza, hayo yote yalikuwa yetu kabla hatujaona mpira wa ngozi.

Migodi na shule ndizo zilizoueneza mchezo huu katika kanda yetu. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa baada ya John Williamson kuigundua mwaka 1940. Penye vijana wengi wa makabila mbalimbali, wenye Jumapili moja ya mapumziko, mpira haukosekani. Tena yafaa tukumbuke kwamba mpira wa nchi hii haukuanza kwa mishahara. Tanganyika ilitwaa Kombe la Gossage, lililoshindaniwa na nchi za Afrika ya Mashariki, mara 3 mfululizo, mwaka 1949, 1950 na 1951, na wachezaji wake walikuwa watu wenye kazi zao nyingine za kuwalisha.

Ama viwanja vya vijiji vyetu vina historia yake. Mwaka 1974 watu walihamishwa na kukusanywa vijijini. Kuhama kule kulikuwa na machungu yake, nasi hatuyasahau; wengi waliacha mashamba mazuri na makaburi ya wazazi wao. Lakini nyumba zilipangwa kwa mistari, na pakatengwa mahali pa shule, pa ghala na pa mkutano. Ilipofika mwaka 1977, elimu ya msingi kwa watoto wote ikaanzishwa, na shule zikaongezeka, nayo shule haikamiliki bila kiwanja. Vijana waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila kaya peke yake na ng'ombe wake, walijikuta jirani. Jioni moja wakaanza kucheza, na tangu siku hiyo hawakuacha.

Uwanja wetu sisi ulikuwa nyuma ya ghala la pamba. Uliteremka kidogo upande wa magharibi, hata timu iliyocheza kuelekea huko katika kipindi cha kwanza ilihesabiwa kuwa imepewa bao moja la bure. Milingoti ilikuwa miti ya porini ambayo mchwa waliila kila mwaka, nasi kila mwaka tulikata mingine. Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni. Nyavu hazikuwapo, kwa hiyo bao lililopigwa kwa nguvu lilibishaniwa hadi usiku, kama lilipita ndani ya mlingoti ama nje. Njumu alikuwa nazo mmoja, naye aliombwa azivue ili asiwaumize wenzake.

Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, wenye kibofu ndani na kamba ya kufungia. Ukipata mvua ulikuwa mzito kama jiwe, na aliyeupiga kichwa mahali penye kamba alirudi nyumbani na alama kipajini. Tuliupaka mafuta ya ng'ombe ili usipasuke, na tuliujaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati hata sabuni ilikuwa adimu madukani, mpira mmoja ulikuwa mali kubwa. Watoto walijitengenezea wa matambara uliofungwa kwa katani. Lakini ule wa ngozi haukulala mahali popote ila nyumbani kwa mtunza hazina, juu ya dari, pamoja na mbegu.

Je, mpira huo ulinunuliwaje? Hapo ndipo penye kiini cha neno letu.

Siku ya kupokea malipo ya pamba, kila mchezaji, na kila mkulima aliyeipenda timu, alitoa kidogo. Asiye na fedha alitoa kuku au mtama. Mtunza hazina aliandika yote katika daftari la shule: jina, tarehe, kiasi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi daftari lilisomwa kwa sauti chini ya mwembe, na mtu yeyote, hata mtoto aliyetoa yai moja, aliweza kuuliza yai lake limekwenda wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo sisi hatukufundishwa semina. Tulifundishwa na mpira.

Nahodha tulimchagua kwa kuinua mikono, na mara mbili tulimwondoa kwa mikono hiyo hiyo. Mmoja tuliyemwondoa aliendelea kucheza upande wa kulia kana kwamba hakuna lililotokea, naye baadaye akawa mjumbe mwaminifu kabisa wa halmashauri ya chama cha msingi. Kukubali kuondolewa na kisha kuendelea kutumika ni elimu adimu, na wako viongozi wakubwa walioikosa.

Siku ya mechi ilikuwa siku ya kijiji kizima. Timu ngeni ilikuja kwa baiskeli, wawili wawili, au juu ya lori lililokuwa likirudi kutoka kwenye kinu cha kuchambua pamba. Mama zetu waliuza michembe, karanga na togwa. Wazee waliketi upande wa kivuli, na vijana upande wa jua. Mechi ikiisha, walioshinda na walioshindwa walikula pamoja chakula kilichopikwa na kijiji mwenyeji, na wakati wa kula ndipo habari za kweli zilipoulizwa: kwenu mvua imeanza lini, mbegu imeota vipi, karani wenu anapima sawasawa? Kabla ya simu za mkononi, hayo ndiyo yaliyokuwa magazeti yetu.

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa shule, na filimbi yake iliheshimiwa kama kengele ya asubuhi. Hatusemi kwamba hakukosea. Alikosea sana, na siku moja alitunyima penalti ambayo twaidai mpaka leo. Lakini alisimama wazi mbele ya macho ya watu wote, wala hakukaa upande wa mtu. Ndugu zetu, mwakumbuka kwamba ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwa sababu ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa, wakataka watu wao wenyewe wasimame mizanini. Kutokana na juhudi hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake, vyama vya msingi vilienea, na mwaka 1955 shirikisho lililounganisha vyama vikuu vya jimbo likaundwa na kuwa na makao yake Mwanza. Mwamuzi ni mizani ya uwanjani. Aliyezoea kudai mwamuzi wa haki siku ya Jumapili hakubali mizani ya hila siku ya Jumatatu.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo aghalabu halisemwi katika sherehe za ushirika. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vya ushirika, na ununuzi wa pamba ukawekwa mikononi mwa Mamlaka ya Pamba. Ghala lilelile lilibaki, na mizani ileile. Lakini mkutano wa wanachama haukuwapo tena, wala daftari la kusomwa kwa sauti. Hali hiyo ilidumu hata sheria mpya ilipotungwa mwaka 1982, na vyama vikuu vikarudi mwaka 1984. Miaka 8 si haba. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1976 alimaliza darasa la saba bila kuona mkutano mkuu hata mmoja wa chama cha ushirika.

Lakini timu haikuvunjwa, kwa kuwa hapakuwa na aliyeiandikisha, na kwa hiyo hapakuwa na wa kuifuta. Nyuma ya ghala lililokuwa si letu tena, vijana waliendelea kuchanga, kuchagua, kuandika na kuulizana. Katika kijiji chetu, ushirika uliporudi na watu wakatakiwa kuchagua halmashauri, walitazamana wakauliza: nani ajuaye kutunza fedha za watu? Wakamchagua mtunza hazina wa timu. Nani ajuaye kuendesha mkutano bila ugomvi? Wakamchagua nahodha wa zamani. Haikuwa upendeleo. Hao ndio waliokuwa wamebaki na desturi.

Hili ndilo jibu letu kwa swali la mwanzo. Mpira wa mchangani ulikuwa chipukizi la ushirika lililofukiwa majivu, na mvua iliporudi likaota.

Baadaye ikaja miaka ya dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walimiminika Bulyanhulu kutoka pande zote za nchi, na kwa muda mfupi palitokea kama mji ndani ya pori. Kila kundi lilikuja na watu wake na mpira wake. Hatujaona tena watu wengi kama wale kuzunguka uwanja mmoja, wala winga wepesi kama wale vijana waliotoka mashimoni saa tisa na kucheza saa kumi, vumbi likiwa bado nyusoni mwao. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2001. Juu ya mambo hayo yamesemwa mengi, nayo si kazi yetu leo. Twasema tu kwamba kiangazi kile timu kadhaa zilitawanyika, na majirani waliokuwa wakigombea kona wiki iliyopita hawakuonana tena.

Hata hivyo, twamkosea anayetusikiliza tukisema kwamba mpira wa mchangani uliuawa na mgodi. Sisi wenyewe tulishika mpini wa jembe lililouzika, nasi tumekubaliana kuungama mbele yenu.

Mwaka mmoja, baada ya mgodi kufunguliwa, ulitangazwa ushindani wa vijiji ambao zawadi yake ilikuwa ng'ombe dume. Mfadhili mmoja, ambaye hatutamtaja, alitupa jezi mpya na fedha taslimu. Kwa fedha hizo kamati, yaani sisi, ikaajiri mamluki 6 kutoka mjini. Vijana 6 wa kijiji, ambao baba zao walichangia mpira kwa miaka 20, wakaketi chini kutazama. Fungu jingine la fedha lilikwenda kwa ile iliyoitwa kamati ya ufundi, na kila aliyepata kucheza mpira wa mchangani ajua kwamba ufundi ule haukuwa wa kupiga pasi. Tulishinda. Ng'ombe akachinjwa. Mamluki wakataka mapaja yote mawili, mfadhili akataka kichwa na sifa, na kijiji kikagawiwa mchuzi.

Msimu uliofuata mtunza hazina alipita na daftari lake siku ya malipo ya pamba. Watu walimpokea kwa heshima, wakamkaribisha maji ya kunywa, kisha wakamwuliza: “Timu ya nani?” Hakuweza kujibu. Alirudi na kurasa tupu, na daftari lile halikusomwa tena chini ya mwembe. Kwa kombe moja tulilipa kitu ambacho hatujaweza kukinunua tena.

Mambo mengine yaliongezeka juu ya hayo. Zilikuja televisheni, na kijana akaweza kutazama ligi ya Uingereza kwa kiingilio kidogo, ndani ya kibanda, saa zile zile za jioni ambazo baba yake alikuwa uwanjani. Ikaja michezo ya kubahatisha, na mwenye kujua majina ya wachezaji wote wa Manchester akawa hajui jina la mlinda mlango wa kijiji chake. Bei ya viwanja vya nyumba ikapanda pembezoni mwa barabara na karibu na mgodi, na eneo tambarare lisilo na mti likaanza kuonekana kuwa fedha zilizolala bure.

Wako watakaosema kwamba kanda yetu haikukosa mpira mkubwa. Ni kweli, nasi tuliufurahia. Pamba ya Mwanza, iliyobeba jina la zao letu, ilikuwa timu ya kuogopwa nchi nzima, kisha ikashuka, na ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya miaka mingi. Stand United, iliyozaliwa kwenye stendi ya mabasi ya Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikapata udhamini wa kampuni ya migodi ya dhahabu mwaka 2015, na mwaka 2019 ikashuka. Mwadui ilipanda mwaka 2015 ikashuka mwaka 2021. Mwaka huo huo wa 2021 Geita Gold ilipanda. Msimu wake wa kwanza ilishika nafasi ya 4, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Mwaka 2024 nayo ikashuka. Hatuzitaji timu hizi kwa kuzilaumu, maana zilitupa fahari. Twataka tu mwone kwamba timu kubwa hupanda na kushuka kama bei ya pamba, nayo haiwezi kuwa mahali pa kila kijana kujifunza. Timu ya Ligi Kuu huchukua wachezaji 30 hivi. Vijana wetu waliobaki wacheze wapi?

Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko London, mahali paitwapo Hackney Marshes, baada ya Vita Kuu ya Pili palitengenezwa viwanja zaidi ya 100 pamoja, na kifusi cha nyumba zilizobomolewa na mabomu kilitumika kulijaza bonde lile. Kila Jumapili watu wa kazi, madereva, wachukuzi na mafundi, walikuja kucheza bila malipo. Viwanja vimepungua, lakini vipo, kwa kuwa eneo lile ni mali ya umma na wenyeji wamelisemea kila lilipotishwa. Katika São Paulo, nchini Brazil, mpira wa mtaani uliitwa kwa jina la mabonde ya mito ulikochezwa. Mji ulipopanuka, mabonde mengi yalijengwa, na jina likabaki kuwaita watu mahali pasipokuwapo tena. Tofauti ya miji hiyo miwili haikuwa mapenzi ya mpira, maana mapenzi yalikuwapo kote. Palipobaki uwanja, palikuwa na mtu mwenye haki ya kusema: hapa hapauzwi.

Sasa twafika kwenye kura. Mwajua, ingawa hatutataja jina, kwamba katika chama kimoja cha msingi miongoni mwetu limeletwa pendekezo la kuuza uwanja wa nyuma ya ghala ili pajengwe maduka. Waliolileta si watu wabaya. Paa la ghala linavuja, deni la pembejeo halijaisha, na fedha inayotolewa si ndogo. Mkulima akiona pamba yake inalowa hawezi kuambiwa habari za mpira wa zamani. Kwa hiyo tufanye hesabu kama wanaushirika.

Uwanja wa mita 100 kwa mita 64 ni eka 1 na nusu na ushei. Kwa mavuno ya kilo 200 hadi 300 za pamba mbegu kwa eka, ambayo wengi wetu twayafahamu, eneo hilo lingetoa kilo 300 hadi 450 kwa mwaka. Hiyo ndiyo gharama ya kuuacha uwanja usilimwe, na ikigawanywa kwa wanachama 150 ni kilo 2 hadi 3 kwa kila mtu. Hakuna asiyeweza kuzibeba mkononi. Ama fedha ya kuuza hupokewa mara moja. Paa litatengenezwa, nalo baada ya miaka 15 litavuja tena, na hapo hapatakuwa na uwanja mwingine wa kuuza. Kutengeneza paa kwa kuuza ardhi ni kushona shati kwa uzi uliochomolewa katika suruali.

Tena liko jambo lisilogawanyika kwa kilo. Wanachama wengi walioketi hapa wana mvi. Vijana hawaji mikutanoni, nasi huwalaumu kwamba hawapendi ushirika. Lakini walijifunzia wapi? Sisi tuliingia ushirika tukiwa tumekwisha kuzoea kuchanga, kupiga kura na kushindwa. Wao twawakabidhi masharti yaliyopigwa chapa, yenye kurasa nyingi, na kuwaambia wayasome. Kanuni ya 7 ya ushirika duniani, iliyothibitishwa mwaka 1995, yataka chama kiijali jamii inayokizunguka. Kwetu sisi jamii hiyo ni yule kijana mwenye miaka 16 anayepita nyuma ya ghala jioni akitafuta mahali pa kupiga mpira.

Hatuombi siku zile zirudi zote. Hazikuwa nzuri kwa kila mtu. Binti zetu walipika na kuuza togwa, wala hakuna aliyewauliza kama wanataka kucheza. Leo wanacheza, na baadhi yao wana mguu wa kushoto ambao sisi hatukuwa nao. Aliyevunjika alikandwa kwa maji ya moto na kuambiwa avumilie. Ugomvi wa mstari wa goli uliwahi kuzikosanisha koo mbili kwa mwaka mzima. Hayo na yazikwe. Twaomba mambo manne tu.

Kwanza, kila chama cha msingi chenye uwanja kipeleke shauri lake mbele ya halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji, ili eneo lipimwe na liandikishwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaruhusu hatimiliki ya kimila kutolewa hata kwa kundi la watu. Eneo lisiloandikwa lina wenyewe wengi siku ya mechi, na siku ya kuuzwa lina mwenyewe mmoja.

Pili, Chama Kikuu kianzishe ligi ya vyama vya msingi wakati wa kiangazi, pamba inaponunuliwa, yenye timu za wavulana na za wasichana. Wacheze wanachama na watoto wa wanachama ambao majina yao yamo katika rejista, wala asiajiriwe mtu. Sisi tuliokula mchuzi wa yule ng'ombe twawasihi kwa hilo.

Tatu, mfadhili akija na jezi apokewe kwa shukrani. Lakini mpira wenyewe ununuliwe kwa mchango wa wenyeji, hata kama ni mdogo, ili swali la “timu ya nani” lisikose jibu tena.

Nne, daftari lisomwe kwa sauti, na wanaolitunza wawe vijana. Wakikosea hesabu ya mipira miwili, watasahihishwa kwa gharama ya mipira miwili. Ni nafuu kuliko kusubiri wakosee hesabu ya marobota ya pamba.

Ndugu Mwenyekiti, tulipokuwa tukitayarisha maneno haya tulikwenda jioni moja kuutazama uwanja wetu wa zamani. Mlingoti mmoja umebaki, umeegemea upande. Mbuzi walikuwa wamefungwa mahali pa duara la kati. Lakini pembeni, karibu na ukuta wa ghala, watoto 7 walikuwa wakicheza chandimu kwa mpira wa nailoni na magoli ya mawe. Tulisimama kutazama. Mmoja wao, mdogo kabisa, alikuja akatuuliza kama tunaweza kuwaamulia, kwa kuwa walikuwa wamebishana juu ya bao. Tukamwuliza mlinda mlango wetu, ambaye macho yake bado yaona vema. Akasema si bao. Mpira ulipita juu ya jiwe. Upande uliokataliwa ulinung'unika kidogo, kisha wakaendelea kucheza.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Watoto wale walikwisha kuijua nusu ya kazi ya mwanaushirika, wala hakuna aliyewafundisha ila uwanja. Twawaomba, mtakapoinua mikono yenu kupiga kura, mwakumbuke.

Twakitakia Chama Kikuu chetu miaka mingine 10, na baada ya hiyo mingine mingi. Ushirika ni nguvu.